Jinsi ya kuandaa usomaji wa hadhara wa kumkumbuka manusura wa Maangamizi ya Wayahudi

Elie Wiesel, mwandishi Myahudi aliyenusurika Maangamizi, alifariki dunia New York tarehe 2 Julai 2016, akiwa na umri wa miaka 87. Jumapili ya tarehe 29 Januari 2017, watu walikusanyika Museum of Jewish Heritage, makumbusho yaliyo kusini kabisa mwa Manhattan, wakasoma kwa sauti kitabu chake cha kumbukumbu kiitwacho Night. Walikisoma chote kwa kupokezana: mmoja akimaliza kipande chake, mwingine anaendelea pale mwenzake alipoishia.

Aliyewahi kukaa kwenye hitma hatashangaa. Anajua maana ya kugawa juzuu 30 kwa watu waliofika, ili kitabu kizima kikamilike kwa ajili ya marehemu mmoja kabla watu hawajatawanyika. Kwenye hitma wote husoma kwa wakati mmoja, kila mtu na juzuu yake, ilhali hapa mmoja anasoma na wengine wanasikiliza. Silinganishi kumbukumbu za mtu na Kurani. Nasema tu kwamba kumheshimu aliyeondoka kwa kusoma kwa zamu, bila kuruka, ni jambo tunalolielewa.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuandaa usomaji wa aina hiyo shuleni, maktaba, ukumbi wa mtaa au nyumba ya ibada. Nitamtumia Wiesel kama mfano, lakini hatua ni zile zile kwa manusura mwingine yeyote aliyeacha maandishi. Kazi yako kama mwandaaji ni moja tu: kuhakikisha hakuna kitu kinachoingia kati ya maneno yake na masikio ya watu.

1. Chagua mtu mmoja na kitabu kimoja

Katika Maangamizi (Holocaust), Wayahudi milioni 6 waliuawa na Wanazi wa Ujerumani na washirika wao. Idadi hiyo akili haiwezi kuibeba, na ndiyo maana tunasoma maisha ya mtu mmoja. Epuka kuchanganya vipande vya waandishi watano kwa nia njema ya kuwagusa wote. Msikilizaji ataondoka na huzuni ya jumla, bila kumfahamu hata mmoja wao.

Soma kitabu kizima kama kinasomeka kwa siku moja. Kama ni kirefu, chagua sehemu moja iliyoungana, yenye mwanzo na mwisho wake, uisome bila kuruka. Usichomoe kurasa za kutisha peke yake. Msikilizaji asiyewajua watu wa Sighet, mji alikozaliwa Wiesel, wakiwa bado nyumbani kwao, wakisali, wakibishana kuhusu habari za vita na kuamini kwamba mambo yatatulia, hataelewa ni nini kilichoporwa.

Hakikisha pia kwamba kitabu ni ushuhuda wa kweli. Miaka ya 1990 vilichapishwa vitabu vilivyouzwa kama kumbukumbu za manusura, baadaye ikabainika kwamba ni vya kubuni. Kosa la namna hiyo huwapa silaha wanaokana kwamba Maangamizi yalitokea.

Kama unayemkumbuka hakuandika kitabu, huenda aliongea mbele ya kamera. Hifadhi ya USC Shoah Foundation, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1994, ina shuhuda za video zaidi ya 50,000. Ushuhuda ulionukuliwa neno kwa neno unasomeka vizuri sana kwa sauti, maana tayari ni mazungumzo. Acha kusitasita kwake na kurudia kwake kama vilivyo.

2. Yajue maisha yake kabla hujagusa kalamu

Mwandaaji anapaswa kujua zaidi ya atakachosema. Wiesel alizaliwa tarehe 30 Septemba 1928 huko Sighet, mji wa kaskazini mwa Romania, katika familia ya Kiyahudi iliyozungumza Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mwaka 1940 eneo hilo lilichukuliwa na Hungaria. Machi 1944 jeshi la Ujerumani liliingia Hungaria, na kati ya katikati ya Mei na mwanzoni mwa Julai mwaka huo Wayahudi zaidi ya 400,000 walisombwa kwa mabehewa ya mizigo, karibu wote wakipelekwa Auschwitz-Birkenau, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Wiesel alikuwa na miaka 15. Mama yake Sarah na mdogo wake wa kike Tzipora waliuawa huko. Yeye na baba yake Shlomo walifanyishwa kazi katika kambi ya Buna, kisha Januari 1945 wakaswagwa kwa miguu kwenye theluji na kusafirishwa hadi Buchenwald, kambi iliyokuwa Ujerumani, ambako baba yake alifariki. Wanajeshi wa Marekani waliingia Buchenwald tarehe 11 Aprili 1945. Dada zake wawili wakubwa, Hilda na Beatrice, walinusurika.

Jua na historia ya kitabu chenyewe, kwa sababu itakuamulia jambo. Kilitoka kwanza kwa Kiyidi mwaka 1956, Buenos Aires, kikiwa na kurasa 245 na jina linalomaanisha kwamba dunia ilinyamaza. Mwaka 1958 kikatoka Paris kwa Kifaransa, kikiwa kimepunguzwa sana, kwa jina La Nuit. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ilitoka 1960, na mwaka 2006 ikatoka nyingine iliyofanywa na mkewe, Marion Wiesel. Maneno ya tafsiri hizo mbili yanatofautiana. Msomaji mmoja akija na nakala ya zamani ya nyumbani kwao na mwingine na mpya, sauti ya Wiesel itabadilika katikati ya ukumbi. Chagua toleo moja, na kila mtu asome humo. Wasikilizaji wako wakiwa watu wa Goma au Bujumbura, Kifaransa cha 1958 huenda kikawafaa kuliko Kiingereza chochote.

3. Omba kibali

Wengi huruka hatua hii. Hakimiliki ya maandishi hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi kwa sheria za Kenya na Tanzania, na miaka 70 katika nchi za Umoja wa Ulaya. Kitabu cha Wiesel basi bado kinalindwa. Mwandikie mchapishaji wa toleo unalotumia: kwa tafsiri ya 2006 ni Hill and Wang ya New York, kwa Kifaransa ni Les Éditions de Minuit ya Paris. Andika miezi minne kabla. Taja tarehe, mahali, idadi ya wasikilizaji, kama kuna kiingilio, na kama utarekodi au kurusha mtandaoni. Kurekodi ni kibali kingine, na ukinyimwa, kubali. Watu 80 waliokaa pamoja wakasikiliza ni tukio kamili hata bila video.

Ukitaka kusoma kwa Kiswahili ulichotafsiri mwenyewe, tafsiri nayo inahitaji ruhusa. Ukiipata, mpe mtu wa pili ailinganishe na asili, sentensi kwa sentensi. Jihadhari na mazoea ya kupamba. Wiesel anaandika sentensi fupi, kavu, bila vilio. Kiswahili chetu kina utajiri wa maneno ya msiba, na kishawishi cha kuyamwaga yote ni kikubwa. Pale alipoandika kwamba walitembea, andika walitembea.

Kama unayemkumbuka ana familia iliyo hai, waandikie pia, hata kama sheria haikudai. Waambie mnataka kufanya nini na kwa nini mmemchagua yeye. Waulize kama kuna picha wanayoipenda ya kabla ya vita.

4. Tarehe na mahali

Umoja wa Mataifa, kwa azimio la tarehe 1 Novemba 2005, uliitenga tarehe 27 Januari kuwa siku ya kimataifa ya kuwakumbuka waliouawa katika Maangamizi. Ndiyo siku jeshi la Kisovieti lilipofika Auschwitz mwaka 1945. Israel na jamii nyingi za Kiyahudi huadhimisha siku yao, Yom HaShoah, tarehe 27 ya mwezi wa Nisani, ambayo huangukia Aprili au Mei. Kumbukumbu ya kifo cha mtu mmoja nayo Wayahudi huihesabu kwa kalenda yao, kwa hiyo husogea kila mwaka, kama zinavyosogea tarehe za Hijria. Uliza familia kabla ya kutangaza.

Epuka kuanzia machweo ya Ijumaa hadi usiku wa Jumamosi. Ni Sabato, na Wayahudi washika dini hawatapanda gari kuja kwako wala kutumia kipaza sauti. Mwaka 2024 tarehe 27 Januari iliangukia Jumamosi. Mwaka kama huo, sogeza hadi Jumapili.

Ukumbi uwe mdogo kuliko unavyodhani unahitaji. Watu 60 kwenye chumba cha watu 70 husikiliza vizuri kuliko watu 60 waliotapakaa kwenye ukumbi wa watu 400. Nenda siku moja kabla, saa ile ile ya tukio, usimame kimya dakika kumi. Utasikia jenereta ya jirani, feni inayolia, na mapaa ya mabati ambayo mvua ikianza hakuna kitakachosikika.

5. Gawa kitabu kwa saa

Chukua ukurasa wa kawaida, usome kwa sauti dakika tano, kwa mwendo wa kumsomea mgonjwa kitandani. Hesabu maneno. Tuseme umesoma 550, yaani 110 kwa dakika. Kitabu cha maneno 28,000 kitachukua takriban dakika 255, yaani saa nne na robo. Ongeza mapumziko matatu ya dakika 10 kila moja, na mengine marefu ya dakika 25. Ukianza saa nne asubuhi, utamaliza kama saa tisa na dakika kumi alasiri. Yale mapumziko marefu yaweke wakati wa adhuhuri, wanaoswali wapate nafasi bila kukosa hata ukurasa mmoja.

Kipande cha mtu mmoja kiwe dakika sita hadi nane. Zaidi ya hapo koo la asiyezoea hukauka. Chini ya hapo watu huinuka na kukaa mfululizo, na masikio hayatulii. Kwa dakika saba saba unahitaji wasomaji kama 36, au 18 kama kila mmoja atasoma mara mbili.

Sasa kaa na kitabu na penseli. Hii ndiyo kazi ya mikono nzito kuliko zote, na nakusihi usimwachie mtu mwingine. Kata pale tukio linapofunga, kamwe si katikati ya mazungumzo. Usiweke mapumziko watu wakiwa ndani ya lile behewa la kwenda Auschwitz; wasikilizaji hawawezi kutoka hapo kwenda kunywa chai. Sehemu ya mwisho, ya baba yake kuugua na kufa Buchenwald, isome mtu mmoja toka mwanzo hadi mwisho, hata kama itafika dakika kumi na mbili. Anayeanza na mgonjwa yule amfikishe.

Chapa maandishi kwa herufi kubwa, pointi 16, upande mmoja wa karatasi, na aya isikatike mwisho wa ukurasa. Weka kurasa zote kwenye jalada moja lenye pete linalokaa mezani muda wote. Wasomaji wanaijia meza mikono mitupu. Juu ya kila kipande, kwa wino hafifu, weka sentensi ya mwisho ya aliyetangulia, ili anayefuata ajue pa kushika. Kwa njia hii hakuna atakayesahau karatasi nyumbani, wala kuzipanga vibaya, wala kuanza kipande cha mwenzake.

6. Wasomaji

Usitafute sauti nzuri. Tafuta watu wanaoweza kusoma bila kuigiza. Mwigizaji mahiri atampa Wiesel machozi ambayo yeye mwenyewe hakuyaandika. Muuguzi, mwalimu wa hesabu, fundi, mzee wa mtaa, mwanafunzi: sauti za kawaida, moja baada ya nyingine, ndizo zitakazobeba kitabu. Kurasa za Sighet za mwanzo, za kijana anayetaka kusoma mambo mazito ya dini yake kabla ya umri, wape vijana wa miaka 15 au 16. Kuwasili Birkenau na matukio ya kunyonga wape watu wazima.

Usigawe vipande kama heshima kwa wakubwa. Niliwahi kukaa kwenye usomaji ambapo mgeni rasmi alifika amechelewa, akasoma aya mbili, akaifunika karatasi na kuanza hotuba yake mwenyewe. Ilichukua robo saa. Aliyemfuata, binti mdogo, alisimama na kusoma sentensi yake ya kwanza, na hakuna aliyekumbuka tulikuwa wapi. Tangu hapo nina kanuni moja: asiyekuja mazoezini hasomi, awe nani.

7. Mazoezi na matamshi

Mazoezi mawili yanatosha. La kwanza ni la kukaa mduara na kusoma kila mtu kipande chake, ili waumie huko kwanza kabla ya siku yenyewe. La pili ni ukumbini, na kipaza sauti.

Andaa karatasi ya majina. Sighet husomwa Siget. Auschwitz ni Aushvits. Wiesel ni Vizel, mkazo ukiwa mwishoni. Gleiwitz ni Glaivits. Katika Buchenwald ile ch ni kh ya kheri, sauti ambayo watu wa pwani wanayo tayari kinywani, na w yake ni v. Tzipora ni Tsipora. Jina la mtoto aliyeuawa akiwa na miaka saba lisijikwae mdomoni mwa mtu.

Wafundishe mambo matatu: kusoma polepole kuliko wanavyoona inafaa, kutoinua macho kutafuta mtu wa kumtazama, na kusimama kimya kidogo baada ya sentensi ya mwisho kabla ya kuondoka. Waambie pia la kufanya sauti ikikatika. Wanyamaze, wanywe maji, waendelee. Wakishindwa, msomaji wa akiba aliyekaa kiti cha mbele atainuka na kuchukua kutoka mwanzo wa sentensi ile ile. Hakuna kuomba radhi.

8. Wanaosikiliza

Watangazie mapema, kwa maandishi, kitakachosomwa na kwa muda gani, na kwamba wanaweza kutoka na kurudi wakati wowote. Watoto chini ya miaka 12 wasiwepo. Andaa chumba cha pembeni chenye maji na viti, na mtu mmoja mwenye ujuzi wa kumtuliza aliyezidiwa.

Hili la mwisho si pambo. Ukumbini Nairobi, Kigali, Bujumbura, Kampala au hata Toronto, huenda amekaa mtu aliyenusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, au aliyekimbia vita mashariki mwa Kongo. Wanyarwanda wana neno ihahamuka kwa ile hali ya mtu kurudishwa kwa nguvu ndani ya aliyoyapitia, na katika siku za Kwibuka, za kuwakumbuka waliouawa, zinazoanza kila tarehe 7 Aprili, washauri huwa karibu na watu kwa sababu hiyo. Jifunze kwao. Lakini usiligeuze tukio kuwa mashindano ya misiba kwa kuweka wasemaji wa kulinganisha. Aliyenusurika Nyamata, huko Rwanda, atasikia anachokisikia katika maneno ya Wiesel bila wewe kumwelekeza.

9. Siku yenyewe

Meza, taa ya kusomea, glasi ya maji inayobadilishwa kila msomaji, kipaza sauti kimoja. Picha ya marehemu, moja. Usitundike picha za maiti, usivalishe mtu nguo za mistari za wafungwa, na usiweke muziki wa nyuma. Namba A-7713, aliyochanjwa Wiesel mkononi, wako wanaoichapa kwenye mabango kama nembo. Iache ndani ya kitabu, mahali yeye mwenyewe aliposema habari zake.

Washa mshumaa wa kumbukumbu kabla ya neno la kwanza. Wayahudi huwasha mmoja unaodumu takriban saa 24. Maadhimisho mengi huwasha sita kwa ajili ya milioni 6, na hilo pia ni sawa, ila kwa usomaji wa mtu mmoja mimi napendelea mmoja.

Ufunguzi usizidi dakika tatu. Taja jina lake, alizaliwa wapi na lini, alifariki lini, kitabu gani kinasomwa, na uwaombe watu wasipige makofi hadi mwisho. Usisome wasifu wa marehemu kama tunavyosoma makaburini, shule hii, cheo kile, Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1986. Vitu hivyo vichapwe kwenye kijikaratasi cha mlangoni.

Sentensi ya mwisho ya kitabu ikishasomwa, subiri dakika moja nzima, ya saa. Kisha mtu mmoja asome majina tu: Sarah, Shlomo, Tzipora. Kwa manusura asiyejulikana sana, majina ya ndugu zake huenda yamo katika hifadhi ya Yad Vashem ya Jerusalem, yenye majina ya waliouawa zaidi ya milioni 4, mengi yakiwa yameandikwa na jamaa kwenye fomu, mmoja mmoja.

Kadishi, sala ya waliofiwa, haitaji kifo hata mara moja. Ni sifa kwa Mungu tangu mwanzo hadi mwisho, nyingi kwa Kiaramu. Isisomwe na mtu wa nje kama shairi. Kama kuna Wayahudi waliofika, waulize mapema kama wangependa kuisema. Kwa desturi yao inahitaji watu wazima kumi wa dini hiyo. Nairobi kuna jamii ya Kiyahudi tangu 1904, na karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, Waganda wa dini ya Kiyahudi. Wasiweze kufika, malizia kwa majina.

10. Baada ya watu kuondoka

Kusanya kurasa zote na uzihesabu, kwa kuwa kibali chako kilikuwa cha kusoma, si cha kusambaza nakala. Ndani ya wiki moja iandikie familia au mchapishaji: wangapi walisoma, wangapi walikaa hadi mwisho. Wapigie simu wasomaji wa sehemu nzito, hasa vijana, siku ya pili au ya tatu, uwaulize wamelala vipi.

Mshumaa utakuwa bado unawaka. Usiupulize. Uweke ndani ya sinia ya bati, mbali na pazia, na mmoja wenu aende nao nyumbani hadi utakapokwisha wenyewe kesho yake asubuhi.